Fungu la Kitabu

Zamani, wakati wanyama walikuwa na shule na binadamu hata hajafikiria kujenga yake, mvua haikuwanyeshea wakazi wa Bonde la Mikwaju misimu miwili mfululizo. Mito ikakauka, mabwawa yakageuka udongo uliopasukapasuka, na maji yakabaki mahali pamoja tu: kisima kidogo chini ya mwamba, kilichokuwa kikitoa vibuyu ishirini na vinne kwa siku. Wala havikuwa vibuyu vya kujisifia. Kimoja ukikiinamisha, kinakwisha kabla koo halijajua kwamba limenyweshwa.

Kaya zilizobaki bondeni zilikuwa nane: ya Simba, ya Fisi, ya Twiga, ya Nyumbu, ya Pundamilia, ya Ngiri, ya Sungura na ya Digidigi. Simba alikuwa mfalme, na hakupenda jambo hilo lisahaulike hata kwa nusu saa. Alipoona wenzake wameanza kusukumana kisimani, akatangaza kwamba anataka mtu wa kugawa maji, na sharti ni moja tu, awe amesoma.

Aliyesoma bonde zima alikuwa Fisi peke yake. Usomi wake aliupata hivi. Miaka ya nyuma aliokota kitabu cha hesabu porini, kimefungwa kwa jalada la ngozi. Fisi ni Fisi. Alianza na jalada, akaendelea na kurasa za mbele zilizokuwa na gundi tamu, na aliposhiba akawa amebakiza kurasa chache za nyuma. Zile za mbele zilikuwa za maelezo. Za nyuma zilikuwa za majibu, na ukurasa uliosalimika vizuri zaidi ulikuwa wa kugawa kwa nane. Tangu siku hiyo akaitwa Mwalimu, maana majibu alikuwa nayo.

Kwa bahati yake kaya nazo zilikuwa nane. Akafungua ukurasa wake, akasoma kwa sauti nzito kwamba ishirini na nne kwa nane ni tatu, na kila kaya ikapewa vibuyu vitatu. Hakuna aliyepigana na hakuna aliyekosa. Simba alifurahi mno, akaamuru kwamba kuanzia hapo kila mnyama asome hesabu kwa Mwalimu Fisi, ili bonde lake liwe na elimu kuliko mabonde yote.

Shule ya Fisi ilikuwa na utaratibu mmoja. Mwalimu anataja kichwa cha mstari, wanafunzi wanamalizia mkia. Akisema, "Kumi na sita kwa nane," wao wanaitika, "Mbili." Akisema, "Ishirini na nne kwa nane," wanaitika, "Tatu." Asubuhi hadi saa sita wanaitika, na vumbi linapaa. Aliyeuliza swali alipigishwa magoti juu ya changarawe, juani, mpaka swali limtoke kichwani.

Sungura alidumu shuleni siku tatu. Siku ya tatu alimuuliza Mwalimu hiyo tatu inatoka wapi. Fisi akamjibu kwamba inatoka kitabuni. Sungura akataka kujua kabla ya kuingia kitabuni ilikuwa wapi. Akafukuzwa pale pale, na msidhani aliumia, kwa sababu Sungura hapendi kuamka mapema na alikuwa anatafuta sababu.

Aliyeng'ara darasani alikuwa Kasuku. Yeye hakuhitaji fungu la maji, maana mbawa zake zilimfikisha hadi mto wa mbali na kumrudisha. Alikuja shuleni kwa mapenzi tu. Neno likiingia sikioni mwake halitoki, na kama lina maana au halina, hayo hayakumhusu. Fisi alimfanya kiranja, na kila jioni alimwita pangoni kwake arudie masomo. Simba alipokuja kukagua shule, Kasuku ndiye aliyesimama mbele akaimba ukurasa mzima bila kumeza mate. Simba mwenyewe hakujua kama mbili iko kabla ya tatu au baada yake, lakini kitu kinachosikika hadi ng'ambo ya mlima aliona lazima kiwe sahihi. Akafuta machozi ya furaha kwa mkia.

Mambo yalianza kuharibika siku Twiga alipoondoka. Vibuyu vitatu havikumtosha kulowanisha hata nusu ya shingo, basi akawaaga wenzake, akachukua wanawe wakaelekea mto wa mbali, mwendo wa siku tano. Asubuhi iliyofuata Fisi akagawa kama kawaida, na vibuyu vitatu vikabaki vimesimama bila mwenyewe.

Ngiri akauliza vile vinakuwaje. Fisi akafungua kitabu, akatazama juu, akatazama chini, akasema kwamba kugawa kwa saba hakumo. Kwa hiyo wataendelea kugawa kwa nane, na vitatu vilivyobaki vitaitwa Fungu la Kitabu, atavitunza Mwalimu. Ngiri alikubali. Wote walikubali, na walikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu kila mmoja alipata vibuyu vitatu na wimbo ulisema tatu. Jibu lilikuwa limetoka. Wangelalamikia nini?

Jioni hiyo Fisi alikunywa vibuyu sita, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakaa chini akafikiri. Niseme ukweli, linapokuja tumbo lake mwenyewe, Fisi hufikiri vizuri kuliko sisi sote. Akaona kwamba kaya moja ikiondoka, yeye anaongezewa vitatu. Zikiondoka mbili, je? Asubuhi alikuwa kwa Simba na pendekezo. Maji haya yanagawiwa kwa hesabu, Mtukufu, basi asiyejua hesabu anakunywaje? Uwekwe mtihani kila Jumatano. Atakayeshindwa aondoke kisimani mpaka mvua zirudi, ili wabaki wasomi watupu. Simba alipenda hapo penye wasomi watupu.

Nyumbu alitahiniwa wa kwanza. Alikuwa anaujua wimbo wote, lakini aliujua kuanzia mwanzo, na Fisi akamwanzishia katikati. Nyumbu akarudi nyuma kutafuta mwanzo, akapotea, akaambiwa afungashe. Fisi naye asingeweza kuanzia katikati, ila yeye kitabu kilikuwa chini ya kwapa. Jumatano iliyofuata ikawa zamu ya Pundamilia. Huyu alijibu sawa, lakini alinyamaza kidogo akafikiri kabla ya kujibu, na kufikiri kukahesabiwa kuwa kigugumizi. Akafungasha naye. Wote wawili waliondoka wakijilaumu wenyewe kwa kutokusoma kwa bidii, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Zamu ya tatu ikamwangukia Digidigi.

Digidigi alikuwa mjane, mwembamba, mwoga wa kelele, na alikuwa na mtoto wa siku kumi. Wimbo wa nane haukumkaa kabisa. Kila akijitahidi kuukumbuka anamsikia mtoto analia, na wimbo unamwagika. Mto wa mbali ni siku tano kwa miguu ya Twiga. Kwa miguu ya mtoto wa siku kumi hakuna mto. Alijua hivyo. Usiku na mchana alijua hivyo, na maziwa yakaanza kumpungua kwa hofu.

Jumanne mchana akamtafuta Sungura, akamkuta amejinyoosha kivulini.

"Ndugu yangu, nifundishe hesabu," akamwambia. "Kesho ni zamu yangu, na mtoto wangu hawezi safari."

Sungura hakuinuka. Alimwambia tu aokote kokoto ishirini na nne. Digidigi akaokota, akazipanga mbele yake, akangoja wimbo. Wimbo haukuja.

"Zigawe," Sungura akasema.

"Kwa nane ni tatu."

"Hilo umeambiwa. Mimi nataka uzigawe kwa kaya zilizopo sasa hivi bondeni."

Digidigi akahesabu kwa kwato. Simba, Fisi, Ngiri, Sungura, yeye. Tano. Akasema kugawa kwa tano hakumo kitabuni. Sungura akamuuliza, akiwa na matunda ya mkwaju na watoto watano wa majirani wenye njaa, huwa anafanyaje, anamwita Mwalimu? Digidigi akasema hapana, huwa anampa huyu moja, na huyu moja, mpaka yaishe. Haikuwahi kumjia kwamba ile nayo ni hesabu.

Akachimba vishimo vitano kwa kwato, akaanza. Kokoto moja moja, mzunguko baada ya mzunguko. Mizunguko ilitimia minne, na kokoto nne zikabaki ambazo hazikutosha mzunguko mwingine.

"Nne nne," akasema polepole. "Na nne zinabaki. Lakini sisi tunapata vitatu vitatu."

"Enhe."

"Sasa vingine viko wapi?"

"Mimi nilifukuzwa shule, dada. Unaniuliza mimi?"

Digidigi akakasirika. Alimwambia Sungura kwamba anamzungusha, kwamba pengine naye hajui kitu, ndiyo maana kila akiulizwa anauliza. Sungura akageukia upande wa pili wa kivuli. Basi Digidigi, kwa hasira, akatoa kokoto moja katika kila kishimo ili zibaki tatu kama wanavyopewa, akazirundika katikati pamoja na zile nne. Akazihesabu. Zilikuwa tisa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akachimba vishimo vingine vitatu pembeni, cha Twiga, cha Nyumbu na cha Pundamilia, akaweka tatu katika kila kimoja. Kokoto zikaisha.

"Sungura," akasema. "Anawagawia waliokwishaondoka."

Sungura akafumbua jicho moja. Digidigi alikuwa anakitazama kishimo chake mwenyewe, na wala hakuhitaji kuulizwa kesho kitakuwa upande gani. Lakini hofu iliyomjaa siku zote ilikuwa imepungua, na mahali pake pakaingia furaha ya ajabu, ya mtu aliyegundua kwamba kichwa chake kinafanya kazi. Akarudi nyumbani akamnyonyesha mtoto, na maziwa yakashuka.

Jumatano wote walikusanyika kisimani. Simba alipanda juu ya mwamba. Vibuyu ishirini na vinne vilipangwa mstari, na Fisi akapita mbele yake na kitabu chini ya kwapa, amenenepa katikati ya ukame, maji yanasikika tumboni kila anapokanyaga. Kasuku alikaa kwenye tawi, tayari kwa wimbo. Fisi akakohoa.

"Ishirini na nne kwa nane."

"Nane akina nani, Mwalimu?" Digidigi akauliza.

Wanyama wakatazamana. Shuleni kwa Fisi hakuna mwanafunzi aliyewahi kujibu swali kwa swali akabaki amesimama. Fisi akasema kwamba katika mtihani anayeuliza ni Mwalimu.

"Nimekuja kujibu," Digidigi akasema. "Ila siwezi kugawa kabla sijajua namgawia nani."

Fisi akamgeukia Simba, akatandaza mikono. Mtukufu amesikia mwenyewe, mama huyu amekiri kwamba hajui, afungashe. Simba akanyanyua kidole, na kidole cha Simba kikishuka mambo yamekwisha. Hapo Sungura akatokea kwenye nyasi, akainama mpaka masikio yakagusa chini. Akasema kwamba wafalme wa kawaida huambiwa tu kuwa ufalme wao una wasomi, lakini Mfalme huyu ni wa kujionea kwa macho yake. Je, hawezi kuamuru kila kaya isimame nyuma ya vibuyu vyake vitatu, ili aione elimu ilivyopangika?

Kidole kilibaki hewani. Simba alipenda maneno yote yaliyosemwa, na aliyoyapenda zaidi ni yale ya mfalme huyu. Akaamuru.

Ngiri akasimama nyuma ya vitatu. Sungura akasimama nyuma ya vitatu. Digidigi akasimama na mtoto wake. Fisi, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akasimama nyuma ya vyake, na vya Simba vikaachwa mbele ya mwamba. Basi. Watu wakaisha na mstari ukaendelea. Vibuyu vilivyobaki vilisimama mbele, vimejaa pomoni, nyuma yake pakiwa patupu.

Simba hakujua kuhesabu, lakini kuona pasipo na mtu hakuhitaji shule.

"Vile ni vya nani?" akauliza.

Fisi akaeleza kwamba hilo ni Fungu la Kitabu, na kwamba ni suala la kitaalamu kidogo.

"Kitabu kinakunywa maji?"

Ngiri akacheka, akajifanya anakohoa. Fisi akatafuta maneno ya kisomi, na yaliyomtoka yalikuwa ya haraka. "Hivi tisa, Mtukufu," akaanza, na hapo akasita kidogo kuvuta pumzi.

Kosa. Maana Kasuku alikuwa juu ya tawi, na Kasuku alifundishwa jambo moja maishani: Mwalimu akitaja kichwa, mwanafunzi anamalizia mkia. Kichwa hiki alikuwa amekisikia jioni baada ya jioni kule pangoni, Fisi akijiimbia kwa raha huku akinywa.

"Hivi tisa ni vyangu," Kasuku akaimba kwa sauti safi, kifua mbele. "Akishindwa Digidigi, kumi na viwili. Akishindwa Ngiri, kumi na vitano. Sungura tutamtafutia kosa. Simba hajui hata mbili."

Akamaliza, akainamisha kichwa kungoja sifa.

Zilizofuata ni kelele ambazo sitazieleza zote. Simba alinguruma mpaka changarawe zikacheza, hasa kwa ajili ya ule mstari wa mwisho. Ngiri alitaka kumpitishia Fisi pembe zote mbili. Fisi alijitupa chini akisema yeye alifuata kitabu tu, na Simba akakinyakua kile kitabu akakitafuna, kikaisha kwa ladha ileile kiliyoanza nayo. Kisha akaamuru Fisi afukuzwe, aende akazione hizo siku tano zilivyo.

Ni Digidigi aliyesema hapana. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi wanyamaze wamsikie. Aliwaambia kwamba Nyumbu na Pundamilia hawajafika mbali, wamejibanza nyuma ya kilima kwa kukosa nguvu, waitwe kwanza. Kasuku akatumwa, akarudia ujumbe neno kwa neno, na kabla ya saa sita hao wakaja, wamekonda, wanaona haya kama kwamba wao ndio walioiba. Twiga alikuwa amekwisha kufika mto wa mbali zamani. Digidigi akawapanga wote kwa duara, akaanza kuweka kibuyu kimoja mbele ya kila kaya, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Alipofika kwa Fisi, Simba akafoka. "Na huyu pia?"

"Nimehesabu waliopo, Mtukufu," Digidigi akasema. "Yupo."

Kila kaya ikapata vitatu, na vitatu vikabaki katikati. Simba akauliza kitabu kinasemaje kuhusu vya kubaki, akakumbuka kilipo, akafunga mdomo. Digidigi aliwageukia wenzake akawauliza wao wanaonaje.

Hakuna aliyekuwa na wimbo wa kuitikia. Pundamilia alikunja uso akafikiri, akaangalia pembeni kwa hofu ya kuambiwa ana kigugumizi, asiambiwe, akaendelea kufikiri. Mwishowe aliyenyanyua kichwa ni Ngiri, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kusema neno la kwake.

"Hawa wawili hawajanywa siku nyingi," akasema. "Kimoja kwa Nyumbu, kimoja kwa Pundamilia. Cha tatu apewe anayenyonyesha. Kesho tutafikiria tena, maana kesho kiu itakuwa ya mwingine."

Walilitafuta kosa ndani ya maneno hayo wakalikosa. Simba akasema kwamba yeye ndivyo hasa alivyokuwa anataka kusema. Digidigi akachukua kibuyu chake cha nne akanywa chote palepale, na mtoto, ambaye hakuelewa chochote katika mambo haya, akaingiza kichwa chini ya tumbo la mama akanyonya mpaka akasinzia amesimama.

Basi hivyo ndivyo maji yalivyogawiwa Bonde la Mikwaju mpaka mvua ziliporudi. Fisi naye alipewa vibuyu vyake vitatu siku ile, sawa na vya Ngiri, sawa na vya mfalme, pasipo hata kimoja kupungua. Akavitazama, akawatazama wenzake, akakaa chini akalia kwa uchungu, akasema ameibiwa.